Maksai Wawili na Jiwe la Mama

Enzi zetu mtu akihama, alihama kwa mwendo wa ng'ombe. Hakukuwa na kumpigia simu mwenye Fuso aje saa mbili, halafu saa nne uwe umeshapanga makochi kwenye nyumba mpya. Mwezi uliopita nilimsaidia mpwa wangu kuhama kutoka Mkonze kwenda upande wa pili wa mji wa Dodoma, safari ya nusu saa, na kijana alilalamika tangu tunapakia hadi tunapakua: vumbi, jua, dereva hajui njia, simu inaisha chaji. Nilitaka kumwambia kwamba hapo hapo Mkonze, karibu na alipokuwa ameliegesha jokofu lake, nilipita nikiwa na miaka minane, kwa miguu, nyuma ya gari la maksai, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Badala yake nikashika upande wangu wa jokofu. Wenzangu wa umri wangu ndio mtakaonielewa, kwa hiyo nawaandikia ninyi.

Mimi mwenyewe ni mtu wa njiani. Nimeishi Tabora, Tunduma, Geita, nikarudi Dodoma, nikaondoka tena. Mke wangu husema nikikaa mahali miaka mitatu naanza kuiangalia barabara kama mtu anayesubiri mgeni. Nadhani ugonjwa huo niliupata kwenye safari ile, siku kumi na nne kutoka Mvumi hadi Mitundulu, kijiji kidogo cha ng'ambo ya Kilimatinde ambacho sidhani kama aliyechora ramani alikiona.

Miaka miwili mfululizo mvua ilikuwa imetukatalia. Baba akaenda kuhemea, kama walivyofanya wanaume wengi wa Ugogo njaa ilipobana: unachukua punda na mbuzi wa kubadilishana, unakwenda mpaka penye chakula, unarudi na magunia. Baba alirudi na magunia mawili ya mtama na magunia kumi ya maneno. Huko magharibi, alisema, udongo unanata mguuni mpaka mtu anarefuka. Huko asali inaliwa kama uji. Huko ukidondosha mbegu njiani, ukirudi unakuta kivuli.

Mama hakucheka. Yeye alikuwa binti pekee kwa mama yake, na nyumba ya mama yake ilikuwa karibu kiasi kwamba walisalimiana asubuhi bila kutoka ndani. Wazee waliitwa, wakasema, wakaondoka. Mwisho Mama alikubali nusu. Alimwambia Baba mbele yetu, akiwa anapepeta uwele, bila kuinua macho:

"Nitakwenda. Lakini jiwe langu linabaki kwa mama."

Kwa ambaye hakukulia kwetu, hayo yanaweza kuonekana maneno ya jikoni tu. Lakini kwa bibi zetu mwanamke na jiwe lake la kusagia havikutengana. Aliolewa nalo, alihama nalo. Mwanamke aliyeliacha jiwe nyuma alikuwa hajahama, alikuwa anatembea. Baba alielewa, na sisi tulielewa. Mama alimpa msimu mmoja. Huko magharibi mvua ikikataa, au pakimkera kwa lolote, angerudi Mvumi, na mimi na dada yangu Sechelela tungerudi naye, na Baba angebaki na ng'ombe wake. Hakuna aliyetuambia hivyo. Watoto wa enzi zile hatukuambiwa mambo. Tuliyasikia tukiwa tunajifanya tunacheza.

Baba alilitengeneza gari kwa mikono yake, juu ya ekseli ya gari chakavu na matairi yaliyoisha meno. Juu alipinda fito za mkole, akafunika kwa turubai lenye viraka, na kwa mbali ungedhani ni kobe anayetoka bondeni. Maksai walikuwa wawili. Majirani walipoona walivyodhoofu wakasema hawatafika hata Dodoma mjini, basi yule mweupe Baba akamwita Tutaona. Mwenzake, mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, akamwita Subiri. Kwetu jina la mnyama lilikuwa barua kwa jirani asiyejua kusoma.

Tukapakia: uwele, mbegu, jembe la ng'ombe, mlango wa mbao, masufuria, tenga la kuku, kibuyu cha maziwa. Mbuzi sita walifuata kwa miguu, nasi vilevile. Aliyepanda gari alikuwa mmoja tu, Bibi, mama yake Baba, aliyekaa nyuma kabisa juu ya blanketi lake, akitazama tulikotoka. Bibi akishakaa amekaa. Baba alimwomba asogee mbele kidogo, akajibu kwamba mbele kuna mikia ya ng'ombe, na yeye katika uzee huu hataki kutazama mikia.

Siku zetu zilikuwa na mpango ambao sijaupata tena kazini wala kwangu. Tulianza safari kunapopambazuka, wakati mchanga bado una baridi na katambuga zetu za tairi hazijaanza kuchoma. Jua likipanda tulifungua nira, tukawaacha ng'ombe wachunge, Mama akapika ugali wa uwele na mlenda. Jamani, mlenda wa njiani! Ule unaovutika kutoka bakulini hadi mdomoni kama kamba ya kisima, na ukichelewa kuukata unamfunga na jirani yako. Leo wanangu wakiuona wanauliza kama umeharibika. Alasiri tuliondoka tena mpaka jua litue, na kila tuliyekutana naye alitusimamisha. "Mbukwenyi!" Tunajibu. Mnatoka wapi, mnakwenda wapi, mvua huko vipi, ng'ombe hawa mbona wamekonda, na huyu Bibi hashuki? Salamu moja ilikuwa na urefu wa robo maili, na hakuna aliyesema ana haraka.

Mahali pengi njia ilikwenda sambamba na reli. Treni ikisikika, mimi na Sechelela tulikimbia kusimama karibu tuhesabu mabehewa. Yeye alihesabu kwa Kigogo, mimi kwa Kiswahili cha shule, na hatukupata jibu moja hata mara moja. Tulibishana mpaka treni nyingine ikaja. Abiria walitupungia, wengine walitutupia vipande vya miwa, na mara moja andazi zima lilitua mchangani, tukalipangusa, tukaligawa kwa uzi ili lisizidi upande. Sikumbuki kama niliwahi kuwaonea wivu wale waliokuwa ndani. Niliwaonea huruma, kwa sababu walikuwa wanafika haraka mno.

Hatari zilikuwepo, nisiwadanganye. Maji tuliyachimba kwenye mito ya mchanga, unafukua mpaka bega, unasubiri yatoke kidogo kidogo kama chozi la mtu mgumu. Siku mbili hatukuyapata, tukanywa maziwa yaliyoganda na kunyamaza. Nyoka kifutu alilala kwenye kivuli cha gurudumu, Baba akamwona kabla hajatuona sisi. Lakini siku tuliyokaribia kupotea kabisa ilikuwa kwenye korongo moja ng'ambo ya Bahi, na hapo ndipo jina la ng'ombe lilipotugeuka.

Korongo lilikuwa kavu, pana, mchanga mtupu. Juu yetu mbingu nyeupe. Tulikuwa katikati Sechelela aliporudi nyuma kuokota katambuga yake iliyochomoka. Kisha tukasikia mngurumo, si wa angani, wa ardhini. Mvua ilikuwa imenyesha mbali kwenye milima na maji yalikuwa yanakuja, mekundu, yamebeba matawi. Mama akamwona binti yake yuko nyuma, akampigia Baba kelele alisimamishe gari: "Subiri! Subiri!"

Sasa Subiri alikuwa ng'ombe mwenye adabu. Alijua kitu kimoja katika maisha yake: akiitwa jina, avute. Na hakuwahi kuitwa na sauti kama ile. Aliinamisha kichwa, akamburuta na mwenzake, gari likaruka kama limepigwa teke, na kila Mama alivyozidi kulia "Subiri!" ndivyo lilivyozidi kukimbia. Baba akaning'inia kwenye kamba. Kuku wakapiga kelele. Mama akaacha kuita, akarudi mwenyewe mbio, akamkamata Sechelela mkono, na wakapanda ukingo maji yakiwa magotini. Gari tulilikuta juu kabisa, salama, Subiri anatafuna. Kama angesubiri kweli, tungelipoteza. Bibi hakuwa ametikisika hata kidogo pale nyuma. Alisema tu kwamba huyo ng'ombe amefundishwa vizuri, ila mwenye kumpa jina hakufikiria.

Tulicheka kesho yake. Siku ile Mama hakucheka. Alimkausha Sechelela miguu kwa kanga yake, akatazama tulikotoka, muda mrefu, nami nikajua anahesabu siku za kurudi.

Kadiri tulivyosonga, gari lilizidi kumshangaza Baba. Gari la magurudumu mawili lina tabia yake: ukizidisha uzito nyuma, mti wa mbele unaoshika nira unainuka na kuwakaba ng'ombe koo. Letu lilikuwa linainua mdomo kila tukikuta mwinuko, na maksai wanakoroma. Baba alipanga upya mizigo, akaupeleka mlango mbele, uwele mbele, kuku mbele. Bado. Akamwomba Bibi ashuke kwenye miinuko tu. Bibi akasema magoti yake yakikunjuliwa hayakunjiki tena, na je, mwanawe anataka kumzika porini? Baba akaomba radhi.

Siku ya kumi na moja tukafika chini ya mpando wa Kilimatinde. Mwalimu wa jiografia alikuja kunieleza baadaye kwamba ule ni ukingo wa Bonde la Ufa. Sisi tuliuona kama nchi imesimama wima. Chini ya mlima kulikuwa na kibanda cha chumvi, chai na tumbaku, cha mzee mmoja mnene wa kofia nyeupe, Mzee Ramadhani, Mnyamwezi ambaye babu yake alibeba mizigo ya misafara ya zamani, akachoka hapo hapo, akaoa, akabaki. Alitutazama tunavyokuja, akamwona Baba na masikio yake ya Kigogo yaliyotobolewa, akafurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na mtani mwenye shida ni karamu.

Baba alijaribu mara ya kwanza. Gari likapanda hatua thelathini, mti wa mbele ukainuka, Tutaona akapiga magoti, likarudi kinyumenyume huku Mama akitupa mawe nyuma ya magurudumu. Mara ya pili, vilevile. Ng'ombe walitoka povu. Baba akasema kila kitu kishuke, tubebe wenyewe. Tukashusha uwele, mlango, kuku. Akabaki Bibi.

"Mama, ushuke," Baba alisema.

"Nimeshakwambia habari ya magoti."

"Ng'ombe wanakufa, Mama."

Bibi akashuka, peke yake, haraka, kwa magoti mazima kabisa. Akalivuta blanketi lake. Chini yake kulikuwa na jiwe la kusagia, lile jeusi lenye shimo lililolambwa na mikono ya miaka, na mtoto wake, kile kijiwe cha mkononi cha kusagia, amefungwa pembeni kwa kitambaa. Jiwe zito kama ndoo iliyojaa mchanga. Bibi alikuwa amelikalia tangu Mvumi.

Baba aliinama akaanza kuangalia kwato za Subiri, ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

"Nililiacha kwa mama," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nililiweka mwenyewe, nyuma ya mlango."

"Na yeye ndiye aliyenipa," alijibu Bibi. "Tulilibeba wawili, ninyi mkiwa kanisani. Alisema, binti yangu nikimbakishia jiwe, kila siku atakuwa anasikiliza njia ya kurudi, na huko hatalima hata tuta moja. Akasema nikae juu yake mpaka mpite mlima."

Mama aligeuka akatazama bonde lote tulilolivuka. Alikuwa na hasira, nami niliona, lakini hakuwa na wa kumkasirikia. Huwezi kumgombeza mama mkwe, na mama yako yuko safari ya siku kumi na moja nyuma. Akasema liachwe hapo hapo. Limekaba ng'ombe, litaua ng'ombe, liachwe.

Basi yule mzee wa kofia akainuka kwenye kigoda chake, akaja polepole, akaweka mguu juu ya jiwe.

"Halina mwenyewe? Vizuri. Babu yangu alipita kwenu ana kiu, babu zenu wakamtoza hongo ya kupita, hata kwa maji ya kunawa. Leo mnapita kwangu. Hongo yangu ni hili. Mke wangu atasagia mtama, na akimaliza tutalikalia tukinywa kahawa."

Baba akacheka, maana mtani hajibiwi kwa hasira. Lakini Mama alitazama ule mguu juu ya jiwe. Nilimwona anavyoutazama.

"Toa mguu," alisema.

"Nitautoaje, nami nimelipwa? Likomboe. Nami siku hizi sipokei kuku waliokonda. Nilipe maneno."

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa siku kumi na moja alikuwa hajasema zaidi ya yale ya chumvi na kuni. Siku ile yalitoka yote. Alimwambia babu zake walibeba pembe za tembo kutoka bara hadi pwani, mjukuu amebeba tumbo tu kutoka kitandani hadi kigodani na bado anahema. Alimwambia walitembea nchi nzima wakachoka mahali pa mwisho penye mlima, kama mtu anayelala mlangoni kwa wavivu. Alimwambia jiwe hilo limesaga uwele wa wanawake wanne, na mtama wa Mnyamwezi likiuonja litaingia ufa kwa aibu. Vijana waliokuwa kibandani walikaa chini kwa kucheka. Mzee Ramadhani alivua kofia akajifuta machozi nayo, na mwisho Mama mwenyewe alikatika katikati ya tusi, akashika mbavu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Mvumi, na mimi na Sechelela tulicheka kwa sababu yeye anacheka, hata yale ambayo hatukuyaelewa.

"Umelipa," alisema mzee. "Tena umezidisha. Hata chenji sina."

Akawaita vijana wake wakasukume gari. Mmoja akataka kulibeba jiwe. Mama akamwambia aliache, akakunja ngata, akajitwika mwenyewe. Alipanda mpando wote wa Kilimatinde na jiwe kichwani, akipumzika mara tano au sita, akikataa kusaidiwa, shingo imenyooka kama nguzo. Juu kabisa alilipakia kwenye gari, mbele, karibu na nira, mahali panapostahili uzito. Kisha akasema ili wote tusikie:

"Nimelibeba asilipate Mnyamwezi. Msidhani nimehama."

Tukafika Mitundulu siku tatu baadaye, na mvua ya kwanza ikatukuta tukiwa bado chini ya turubai. Udongo ulinata kweli, Baba alikuwa hajadanganya. Sechelela na mimi tulitembea tukirefuka, tukapimana urefu, tukaanguka. Na asali ilikuwepo, na nyuki wake walikuwepo pia, jambo ambalo Baba alisahau kulitaja. Wiki ya kwanza jicho langu la kushoto lilifunga kabisa, nikaenda kuandikishwa shule nikimwona mwalimu mkuu nusu.

Nikianza kuieleza miaka ile sitamaliza. Tulitengeneza magari kwa mabua ya mtama, yenye usukani na taa, na ulipochoka nalo ulilitafuna. Tulicheza kombolela mpaka mama zetu waanze kutuita kwa majina ya ubatizo, ishara kwamba fimbo imeshakatwa. Asubuhi mchakamchaka, kuni moja na dumu moja kila mtoto, halafu daftari moja la mistari lililogawanywa katikati, mbele hesabu, nyuma Kiswahili, na wakati masomo mawili yalipokutana katikati ndipo ulipojua muhula umekwisha. Redio ilikuwa moja, ya jirani, na betri zake tulizianika juani juu ya paa la tembe ili zipate nguvu ya taarifa ya habari. Siku hizi kijana ana nyimbo elfu mfukoni na bado anasema hana cha kusikiliza. Sisi tulisikiliza hata matangazo ya vifo vya watu tusiowajua, tukawahurumia.

Kila baada ya mavuno Mzee Ramadhani alikuja juu ya punda wake kudai hongo. Alikaa siku mbili, akala, akatukanwa, akaondoka na kibaba cha uwele na sura ya mtu aliyetibiwa. Na kila aliyepita kutoka kwetu Mvumi alimwuliza Mama swali moja, kama amekwisha hamia. Naye alijibu jibu moja: bado naangalia. Msimu wa kwanza ukaisha, magunia yakajaa, Mama bado anaangalia. Mwaka wa tatu Tutaona akafa kwa mbung'o, tukalia kama tumefiwa na mjomba. Mama bado anaangalia. Bibi alizikwa Mitundulu, na Mama ndiye aliyemwosha. Sechelela akaolewa kijiji cha pili. Mimi nikapanda madarasa mpaka kidato cha nne, huku kila kiangazi nikimchungulia Mama usoni, kwa sababu lile la msimu mmoja halikuwahi kufutwa na mtu yeyote. Baba hakuuliza hata mara moja. Nadhani aliogopa jibu kuliko alivyowahi kuogopa fisi.

Mwaka niliomaliza shule, mjomba, mdogo wake Mama, alikuja kutoka Mvumi. Bibi mzaa mama alikuwa amefariki miezi kadhaa nyuma, na nyumba yake alimwachia binti yake. Mjomba alisema wote wamekubaliana: arudi, nyumba ipo, shamba lipo, na ndugu wanamngoja. Aliyasema mbele ya Baba, kwa heshima. Baba alifuta mpini wa jembe kwa kiganja, akasema tu kwamba yeye hawezi kumshika mtu, aamue mwenyewe. Siku tatu Mama hakujibu. Alisaga, alipika, alichagua mbegu.

Siku ya nne ilikuwa siku yangu ya kuondoka. Rafiki wa shule alikuwa ameniitia kazi Tabora, nami nilikuwa naelekea magharibi kwa treni, mjomba mashariki. Tulikwenda wote Manyoni na gari la ng'ombe, maksai wapya, turubai lile lile la viraka. Mama alikuja amejitwika furushi kubwa. Njia nzima Baba hakulitazama furushi lile, jinsi mtu asivyotazama jua. Nami niliona aibu kuwa naondoka siku ambayo labda nyumba yetu inagawanyika.

Kituoni alilishusha, akalifungua. Karanga zilizokaangwa, ubuyu, chupa ya asali, zote zangu. Chini kabisa, mbegu za uwele zilizofungwa vizuri, za mjomba. Hakukuwa na nguo hata moja.

"Nyumba ya mama mpe mtu mwenye watoto," alimwambia mjomba. "Nyumba ya udongo ikikosa wa kuikanyaga inaanguka. Na mwambie aizibe juu kabla ya masika, kona ya kuchomoza jua inavuja."

Mjomba akazipokea mbegu. Baba alikwenda kuwanywesha ng'ombe maji ambayo walikuwa wameshakunywa.

Siku hizi watu hawaagani tena. Mtu anapanda basi Dodoma, kabla hajafika Bahi ameshapiga simu mara mbili na kutuma picha ya siti yake. Lami imepita juu ya njia yetu yote. Siku kumi na nne zimekuwa asubuhi moja, na abiria hulala na waya masikioni, Kilimatinde ikapita kushoto bila mtu kuinua kichwa. Siwalaumu. Mimi nami hulala. Lakini enzi zetu kuondoka kulikuwa kuondoka, na anayekuaga alikutazama kama anakuhifadhi.

Ndivyo nilivyodhani itakuwa. Nilipanda, nikapata dirisha, nikamtafuta Mama. Upande wa Mitundulu wingu lilikuwa limesimama, jeusi chini, na upepo ulileta ile harufu ya vumbi linalopigwa na maji mbali. Mama alilitazama wingu, akanitazama mimi, akalitazama tena. Akaja dirishani, akanipa mkono, akasema nisimsahau Mungu na nisile vya watu njiani, kwamba mbegu bado ziko ndani, na Baba peke yake atazipanda zimepinda. Treni ilikuwa haijapiga hata honi. Nilimwona akimwita Baba, akipanda gari, akishika kamba mwenyewe, na maksai wakatoka mbio kuelekea nyumbani. Hakugeuka. Nikabaki dirishani, nimeinua mkono, na treni yangu bado imesimama.